Nilivyojizuia Kuwahukumu Waigizaji kwa Sura za Katunini

Tamthilia ya The Walking Dead, inayohusu manusura katika dunia iliyojaa wafu wanaotembea na kung'ata walio hai, ilipoanza kurushwa na kituo cha AMC cha Marekani, Oktoba 31, 2010, nilikuwa nimekwisha kuisoma katuni yake, iliyokuwa ikitoka tangu 2003, na kwa hiyo nilikaa mbele ya runinga kama mkaguzi wa mahesabu, kitabu mapajani. Kila mhusika alipotokea nilisimamisha picha, nikautafuta ukurasa wake, nikalinganisha pua kwa pua na nywele kwa nywele. Andrew Lincoln, Mwingereza aliyepewa uhusika wa Rick Grimes, kiongozi wa manusura hao, alipita bila shida. Melissa McBride, aliyeigiza Carol, alinishinda kabisa.

Carol wa katunini ni mwanamke kijana mwenye nywele zinazogusa mabega, mwepesi wa kumng'ang'ania yeyote atakayemwonyesha huruma. Huyu wa runingani alikuwa mtu mzima mwenye nywele za mvi zilizokatwa karibu na ngozi, mke aliyezoea kipigo cha mumewe, mnyamavu, anayesimama pembeni ya fremu kana kwamba anaomba radhi kwa kuchukua nafasi. Niliona nimedhulumiwa. Nilitazama msimu mzima wa kwanza nikiwa na kinyongo, na nakiri kwamba sehemu kubwa ya msimu huo sikuiona, maana macho yalikuwa kitabuni.

Kilichonisaidia ni kipande cha karatasi nyeupe. Nilikikata tundu dogo katikati, nikawa nakiweka juu ya ukurasa ili michoro ifunikwe na kibaki kiputo kimoja tu cha maneno, kisha ninayasoma maneno hayo kwa sauti ya mwigizaji wa runingani. Lengo lilikuwa kujua kama yule mtu anaweza kuyabeba maneno ya mhusika, kwa kuwa jambo la sura nilikuwa nimelipa uzito ambao hata katuni yenyewe haikulipa: imechapwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, Tony Moore aliyechora matoleo 6 ya kwanza na Charlie Adlard aliyempokea hawachori nyuso kwa namna moja, na mimi sikuwahi kumlalamikia Adlard kwamba amembadilisha Rick.

Nilianza na Carol. Maneno yake yale ya hofu ya kuachwa peke yake, ambayo katika mchoro niliyaona ya kitoto, yalipopita katika sauti ya McBride yakawa ya mtu aliyekwisha kuachwa mara nyingi. Tangu hapo nilimtazama bila kitabu, na ndiyo maana niliweza kumwona vizuri katika msimu wa nne, katika sehemu iliyorushwa Machi 2014, anapomwambia mtoto Lizzie ayatazame maua. Machozi yamemjaa na mdomo unamtetemeka, lakini sauti inabaki ya mama anayembembeleza mtoto alale, na mkono ulioshika bastola unapanda taratibu nyuma ya kichwa cha yule binti. Hakuna ukurasa wa kulinganisha na hapo.

Gavana, mtawala katili wa kundi jingine la manusura, alinipa kazi ya siku kadhaa. Wa katunini ana nywele ndefu na masharubu, na uovu wake unajulikana kabla hajafungua kinywa, ilhali David Morrissey aliingia amenyoa vizuri, mpole, mtu ambaye ungemkabidhi funguo za nyumba. Kwa karatasi yangu niligundua kwamba maneno yaleyale yakisemwa kwa upole yanatisha zaidi. (Gavana wa katunini alimkata Rick mkono wa kulia, Lincoln aliaga tamthilia Novemba 2018 akiwa na mikono yote miwili, nami sikuukosa ule uliokatwa.) Kwa Negan, adui mwingine wa Rick, sikuhitaji hata karatasi: mwili wa Jeffrey Dean Morgan ni mwembamba kuliko mchoro, lakini namna anavyojipinda nyuma kuanzia kiunoni, gongo lililozungushiwa seng'enge begani, akicheka peke yake, ilitosha.

Danai Gurira, aliyezaliwa Iowa na kukulia Harare, alinifundisha upande wa pili. Alifanana na mhusika wake, Michonne, kiasi kwamba nilimkubali siku ya kwanza nikaacha kumtazama. Baadaye niliporudia msimu wa tatu ndipo nilipoona kazi aliyoifanya mwanzoni, akisema maneno machache mno na kuacha taya na macho viseme yaliyobaki. Kufanana kulikuwa kumenifumba macho sawasawa na kutofanana.

Andrea, manusura mwingine wa kundi la Rick, peke yake ndiye ambaye karatasi haikumwokoa. Katunini anakuwa mdunguaji hodari na mke wa Rick. Runingani anaishia msimu wa tatu. Sauti ya mwigizaji iliyabeba maneno ya kitabuni bila tatizo, ila maneno hayo hakuwahi kupewa ayaseme, na hilo ni la waandishi wala si la aliyemteua.

Juzi nilirudia katuni hadi gerezani, pale Carol anapomwendea mfu aliyefungwa na kumpa shingo ang'ate. Niliufunika mchoro kwa mazoea, nikaanza kusoma kwa sauti ya McBride, na kwa mara ya kwanza ilikataa. Mwenye sauti ile asingemwendea mfu yule bila kisu.