Kumbukumbu ya mradi wangu: darasa la mchangani, Watamu, pwani ya Kenya

Safari ya kwanza ilinitia aibu. Niliwapeleka watoto kumi na wanane wa Gredi ya 4 ufuoni saa nne asubuhi, kwa kuwa ndiyo saa ratiba iliyoniachia. Tukakuta maji yamejaa na mchanga uliobaki ni ukanda mwembamba tu. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu chini ya mvinje akaniuliza, "Mwalimu, leo mwezi ngapi?" Nikamjibu wa saba. Akacheka mpaka akaiweka sindano chini. "Sikuulizi Julai. Mwezi wa juu!"

Ulikuwa mwezi nane, yaani siku ya nane tangu mwezi uandame: maji mafu, ambayo hayapwi sana. Nimezaliwa pwani na bado nilihitaji kukumbushwa: wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Wiki moja baadaye, saa hizohizo maji yako juu.

Safari ya pili tulikwenda bamvua. Tulivuta kamba ya mita 30 kutoka kwenye mlakasa, mmea unaotambaa juu ya ufuo, kuelekea majini, tukaifunga fundo kila mita tano, na kila kikundi kikahesabu mashimo ya kaa penye fundo lake. Juu mashimo yalikuwa machache, makubwa. Yalipungua ukubwa kadiri tulivyoshuka. Msichana mmoja alitia mkono wote mpaka begani na hakugusa mwisho. (Nilimkataza. Baada ya kuona.)

Majani ya bahari yalikuwa yamerundikana, kama kawaida ya kusi, msimu wa upepo wa kusini. Watoto wakasema ni uchafu, ufagiliwe kama hotelini. Tulipoinua fungu moja, vijidudu vikaruka kila upande, na mayowe yakafuata. Hapo nikaona kosa la mchoro wangu wa ubaoni: mnyororo wangu wa chakula ulianza na mmea unaoota palepale. Kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi karibu hakuna kinachoota. Chakula kinaletwa na bahari: majani haya, samaki waliokufa, vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Vijidudu vinakula majani, kaa wanakula vijidudu, na vitwitwi, ndege wa ufuoni, wakirudi kutoka kaskazini watakula pia. Ukifagia, umeondoa meza. Mchoro nimeufuta.

Kilichowashika zaidi, lakini, ni siki. Watamu ni hifadhi ya bahari tangu 1968 na hakuna kuondoka na kombe wala matumbawe, kwa hiyo jaribio tulilifanya papo hapo, kwenye kifuniko cha ndoo. Nilikuwa nimebeba mchanga wa ujenzi uliotoka mto Sabaki. Siki juu ya mchanga wa mto: kimya. Juu ya mchanga mweupe wa ufuoni: ukachemka mapovu. Huu ni vipande vya kombe na matumbawe, ule ni mawe yaliyosagwa na kusombwa kutoka bara. Nikaongeza kwamba mchanga mweupe mwingine hutoka kwa pono, samaki anayeguguna matumbawe na kuyatoa upande wa pili. Somo likaishia hapo. Njia nzima ya kurudi wimbo ulikuwa mmoja, mavi ya pono.

Safari ijayo ni mwezi kumi na tano. Tarehe ya kalenda nimeiandika pembeni kwa penseli, kwa ajili ya mwalimu mkuu.