Nilivyomzoea Lessing na Wenzake

Semina yangu ya kwanza chuoni Leipzig, Ujerumani, ilihusu tamthilia za Lessing, mwandishi Mjerumani wa karne ya 18, na wenzangu karibu wote walikuwa wameshamsoma sekondari. Mimi Kijerumani nilikianza ukubwani, Dar es Salaam. Nilikuwa nacho cha kutosha kupanga chumba na kuandika barua ya maombi. Sasa naambiwa nisome sentensi ya mwaka 1767 ambayo kitenzi chake kinakuja mwisho kabisa, wakati umeshasahau nani anatenda nini. Wadogo zangu kadhaa wanaofikiria kusoma Ujerumani wameniuliza nilipenyaje, basi naandika.

Nilifika na picha kwamba hii ni fasihi ya wakubwa. Ukizunguka mji wowote wa kule, waandishi Goethe na Schiller wamepewa mitaa, shule na sanamu, na mgeni anaingia maktaba akiwa ameshainama. Kilichoninyoosha mgongo ni historia. Katika karne ya 18 hapakuwa na nchi moja iitwayo Ujerumani. Palikuwa na tawala zaidi ya 300, kubwa kwa ndogo, chini ya kivuli cha Dola Takatifu ya Kirumi, na katika kasri nyingi lugha ya heshima ilikuwa Kifaransa. Vyuoni Kilatini kilikuwa bado kinatamba. Mwanafalsafa Anton Wilhelm Amo, Mwafrika aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Ghana, alitetea hoja zake Halle mwaka 1729, na Wittenberg mwaka 1734, kwa Kilatini kama wasomi wengine wa zama zake.

Kisha nikakutana na kijitabu cha Friedrich wa Pili, mfalme wa Prussia, mojawapo ya tawala hizo. Mwaka 1780 mfalme huyu alitoa maoni yake kuhusu fasihi ya Kijerumani, akayaandika kwa Kifaransa. Humo Kijerumani anakiita lugha nusu ya kishenzi, na tamthilia ya Goethe, Götz von Berlichingen, anaiona uigaji mbaya wa michezo mibaya ya Kiingereza. Wakati huo Lessing alikuwa ameshaandika tamthilia zake zote kubwa, na Werther, riwaya ya Goethe, ilikuwa na miaka sita sokoni, imeshasomwa hadi nje. Mfalme hakuwa na habari, au hakutaka kuwa nayo. Mtu aliyekulia katikati ya mabishano yetu ya kama Kiswahili kinaweza kufundishia chuo kikuu hahitaji kufafanuliwa hali hiyo. Tangu siku hiyo niliacha kuwasoma kama mababu wa sanamu. Niliwasoma kama waandishi wa lugha iliyodharauliwa na wenyewe.

Kwa hiyo zamu yangu ya kuwasilisha mada ilipofika, nilichagua tamthilia ya Lessing, Minna von Barnhelm, na ndani yake tendo la nne, onyesho la pili. Vita vya Miaka Saba vimekwisha. Minna amemfuata mchumba wake, Meja Tellheim, hadi Berlin, na chumbani kwake hotelini anaingia Mfaransa mmoja, Riccaut, askari wa zamani anayeishi kwa kucheza kamari. Anamuuliza Minna kama hasemi Kifaransa. Minna anajibu: bwana, ningekuwa Ufaransa ningejaribu kukisema, lakini hapa kwa nini? Riccaut anaendelea na Kijerumani chake kilichovunjika, anajisifu jinsi anavyoisaidia bahati mkononi mwake. Minna anashtuka: yaani kuiba katika karata? Hapo Mfaransa anakasirika kwelikweli. Yeye anakuita kuirekebisha bahati, Wajerumani wanakuita udanganyifu! Lugha maskini gani hii, analalamika, lugha nzito gani!

Niliisoma sehemu ya Riccaut kwa sauti, na lafudhi yangu kwa mara ya kwanza ikawa mtaji. Darasa lilicheka, halafu likanyamaza nilipouliza kwa nini Lessing ameiweka dharau ya Kijerumani kinywani mwa mwizi wa karata. Nikawaambia kwetu watu wa namna hiyo tunao, wale wasemao Kiswahili hakijitoshelezi kila wanapotaka kuficha jambo. Mjadala ulichukua muda wote uliobaki. Mwishoni waligonga meza kwa vifundo vya vidole, ndiyo makofi yao.

Njia yangu ya kusoma niliipata hapo: tamthilia kwanza, tena kwa sauti. Riwaya inakuzamisha peke yako, lakini tamthilia iliandikwa isikike, na mtu akiuliza na mwingine akijibu, maana ya neno usilolijua huchungulia yenyewe. Tulikuwa kikundi kidogo, tunagawana wahusika jikoni bwenini, kila mmoja na kitabu chake cha manjano cha kampuni ya uchapishaji ya Reclam, ambacho ni cha bei ya chini na kinaingia mfuko wa koti.

Nathan der Weise (1779), tamthilia nyingine ya Lessing, ilinitesa kidogo kwa sababu ni ushairi. Sikio langu limelelewa na utenzi: mizani minane, kina mwishoni, pumzi. Lessing ana mizani kumi au kumi na moja, vina hana, na mstari mmoja huenda ukaanzwa na mhusika mmoja, Saladin, ukamaliziwa na mwingine, Nathan. Nilikuwa nasubiri kina kisichokuja. Dawa ilikuwa kuacha kuhesabu mizani na kugonga mkazo kwa kidole mezani, dhaifu-zito, dhaifu-zito, mara tano. Baada ya wiki chache nilianza kusikia watu wakizungumza, nikafika kwenye hadithi ya pete tatu katika tendo la tatu bila kuchoka.

Maandishi ya kale ya Fraktur yanatisha kuliko ugumu wake. S ndefu inafanana na f. Ukishaizoea hiyo, mengine ni macho tu. Kwa maana za wakati ule nilitegemea kamusi ya Adelung, iliyoanza kuchapishwa hapohapo Leipzig mwaka 1774 na sasa inapatikana bure mtandaoni. Kamusi ya kisasa itakupa maana ya leo, nawe utamwelewa Lessing kinyume. Na kipindi kilichoandikwa saa nne huanza saa nne na robo, kwa desturi rasmi kabisa ya vyuo vya kule. Hilo halikuhitaji kuzoewa.

Insha ya mwisho wa muhula ndiyo iliyonipa kazi kubwa. Profesa alinishauri nichukue jambo dogo na nilichimbe, nami nikachukua onyesho moja la Kabale und Liebe ya Schiller (1784). Mtumishi mzee anamletea Lady Milford, hawara wa mtawala, almasi kutoka Venice. Lady Milford anauliza bei. Mzee anajibu kwamba mtawala hakutoa hata senti: jana vijana elfu saba wa nchi wamepelekwa Marekani, wao ndio wanaolipa yote. Watoto wa mzee mwenyewe wamo. Walilazimishwa? La, anacheka mzee, wote wa hiari. Ila wachache walijitokeza kumuuliza kanali mtawala anauza watu kwa bei gani, wakapigwa risasi.

Hapo haikuwa hadithi tupu. Tawala kama Hessen-Kassel ziliikodisha Uingereza askari wa kupigana na Wamarekani waliodai uhuru, jumla yao kama 30,000 kutoka tawala mbalimbali. Na angalia jinsi Schiller alivyojikinga: nchi ya mtawala huyo haitajwi, naye mwenyewe hatokei jukwaani hata mara moja. Lessing alikuwa amefanya vivyo hivyo, tamthilia yake Emilia Galotti akaipeleka Italia, Nathan akampeleka Jerusalem ya zama za vita vya msalaba. Mafumbo haya hayakuwa mapambo. Mshairi Schubart alifungwa miaka kumi ngomeni Hohenasperg, 1777 hadi 1787, na Duke Karl Eugen wa Württemberg, na Schiller alikuwa mtumishi wa duke huyohuyo hadi alipotoroka Stuttgart mwaka 1782. Insha yangu ilifuata swali hilo moja: nani hatajwi, na hadhira ilimtambuaje? Mtu aliyelelewa na mashairi ya mafumbo ana kichwa tayari kwa swali hilo, na nilishangaa wenzangu kuliona geni.

Werther niliisoma baadaye, tena kwa raha, nikijua kuwa mwaka 1775 baraza la mji huohuo wa Leipzig lilipiga marufuku kuuzwa kwake. Mshairi Klopstock ndiye aliyebaki. Der Messias, shairi lake refu, lina nyimbo 20, alianza kulitoa mwaka 1748 akalikamilisha 1773, na mimi niliishia wimbo wa tatu. Lessing ana shairi fupi linalosema kila mtu atamsifu Klopstock, lakini je, kila mtu atamsoma? Kwenye mtihani wa mdomo tuliruhusiwa kuchagua waandishi wetu. Nilimchagua Lessing na Schiller.