Dume

Leo siku ya nne na bado naisikia sauti yangu mwenyewe. Si ya bibi, yangu.

Mpapai wangu wa nyuma ya jiko mnaujua, ule wa mbegu za lile papai la futari nililonunua soko kuu la Jinja, tamu mpaka mwanangu Imran akalamba ganda. Mbegu nilizisugua na majivu mpaka utelezi wote ukatoka, maana ukipanda na utelezi wake unaweza kukaa mwezi mzima unaangalia udongo tu, nikazianika kivulini, nikaziatika kwenye pakiti za maziwa nilizotoboa chini. Zikaota kumi na moja, kuku wa jirani wakala nane (hayo nilishaandika, sirudii, nitapandisha presha bure). Mitatu iliyobaki nikaiweka shimo moja, ilipofika magotini nikang'oa miwili iliyokonda nikabakiza huu mnene. Hapo ndo nilipokosea. Wanaojua wanaiacha yote mpaka ichanue ndo waone upi wa kung'oa, mi nikachagua kwa unene kama mtu anayenunua mbuzi.

Jumatatu bibi wa nyumba ya pili kaja kuomba dodo, akapita karibu na mpapai, akasimama, akaunyooshea mkongojo. Maua yake mazuri jamani, madogo meupe, yananing'inia kwenye vikonyo virefu kama hereni za bibi harusi. La jike ni nene na linakaa limebana kwenye shina, hilo hata mi najua, ila nilikuwa najifanya sioni.

"Nani kakupandia huyu?"

"Nimepanda mwenyewe bibi, kwa mbegu."

"Ni dume. Ana miezi mingapi?"

"Minane."

"Minane unamwagilia dume!" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Kata mwanangu, upande kitu cha kuliwa."

Nami nikacheka, nikamwambia, "Ntalikata tu bibi, linanimalizia maji bure."

Baba Imran alikuwa pale pale kizingitini, anaziba pancha ya baiskeli. Hakuinua kichwa. Akaendelea kukwaruza tairi na msasa, taratibu, sehemu ile ile, hata baada ya bibi kuondoka na dodo zake. Na tangu kiwanda kiwapunguze kazi, yeye na wenzake, mnajua nyumba yetu inavyokwenda, nani ananunua nini.

Ningeweza kusema linanipa kivuli. Ningeweza kusema bibi, wako wewe upande wa pili wa ua ni jike na umebeba mpaka umeinama, unadhani huo unga wa maua umetoka wapi kama si kwa huyu dume wangu? Hilo jibu lilinijia saa nane usiku, banange, saa nane! Wiki hii darasa langu limemaliza PLE (mtihani wa mwisho wa shule ya msingi), shangazi wa Mbale kapasuliwa na anaendelea vizuri, umeme ulikatika siku mbili, na mi niko tu na linanimalizia maji, linanimalizia maji.

Asa leo alfajiri nasikia ko, ko, ko nyuma ya jiko. Nikatoka na kanga tu. Baba Imran kachuchumaa, nyundo mkononi, kaupigilia mpapai msumari wa inchi nne, maziwa meupe yanachuruzika mpaka chini.

"Unafanya nini?"

"Wazee wanasema dume likiumizwa linageuka."

Mi mwalimu wa sayansi. Hayo ya msumari nayasikia tangu utoto na sijawahi kuyaamini, na wanafunzi wangu wa P7, darasa la saba, wangeniuliza ningewaambia hapana. Nikamuuliza kama msumari mmoja unatosha.

"Tuupe mpaka mvua za Machi," akasema. "Maji ntachota mi."

Nikaenda kuchemsha chai, nacheka peke yangu jikoni kama mwendawazimu, sukari nikaweka mara mbili na akainywa hivyo hivyo bila kusema kitu. Msumari wenyewe kaung'oa kwenye kioo changu cha chumbani, saa hii kioo kiko sakafuni kimeegemea ukuta.

Halafu Imran. Jana usiku nimemmulika mdomoni na simu, jino jipya limeshachomoza nyuma ya lile la utoto, na la utoto halitikisiki hata kidogo. Aliyepitia hii na mtoto wake alifanyaje? Alingoja au aling'olesha?