Goti, kamba na mwanasiasa: nilivyolielewa neno “dodgy”

Wiki yangu ya kwanza kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee huko Leeds, Uingereza, bibi mmoja aliniambia ana goti “dodgy”. Mchana akasema kamba aliokula Jumapili walikuwa “dodgy”. Jioni, taarifa ya habari ikiendelea, akamnyooshea kidole mwanasiasa mmoja: naye “dodgy”.

Kiingereza nilichosoma Tanga hakikuwa na neno hilo. Kamusi ilinipa maana tano na kuniacha palepale. Basi nikanunua kijidaftari. Kila nikilisikia, naandika tu kitu kilichosemwa: nyaya za umeme, gari la mtumba, fundi asiyetoa risiti, tumbo, uchochoro fulani usiku. Baada ya mwezi hivi nikaona uzi wake: msemaji hana imani na kitu hicho, kinaweza kumwangusha wakati wowote. Limetokana na “dodge”, yaani kukwepa.

Bibi mwenyewe ndiye aliyenisimulia waraka wa Februari 2003 kuhusu Iraki, uliotolewa na serikali ya Tony Blair, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo. Ilipobainika kwamba sehemu yake ilinakiliwa kutoka kwa maandishi ya mwanafunzi, ukabandikwa jina “dodgy dossier”, yaani waraka “dodgy”. Hapo nikaelewa kwamba neno dogo hivi linaweza kuichafua hata serikali. Tangu siku hiyo silitumii kwa mfanyakazi mwenzangu: ukimwita mtu hivyo, umemtuhumu.

Kosa langu lilikuwa kwenye ripoti ya zamu. Niliandika “goti dodgy”. Msimamizi akaniita pembeni, akanieleza kwa upole kuwa hilo ni la mdomoni. Daktari anataka kujua kama goti limevimba, linauma au linalegea. Alikuwa na haki kabisa.

Mdogo wangu nilipompigia aliniuliza, “Dada, si useme tu magumashi?” Kwa dili, sawa. Lakini goti haliwi la magumashi, ni bovu. Kamba wameharibika. Mtu ni janjajanja. Kiswahili kinakutaka uchague ubaya wenyewe, na mimi kuchagua huko ndiko kulikonisaidia.

Siku hizi bibi akisema goti ni “dodgy”, nachuchumaa mbele yake na kumuuliza: linauma, au linakuachia ukisimama? Anachojibu ndicho ninachoandika.