Kuchapa kwa viazi na bamia: ni rangi gani inashika karatasi?

Kiazi au bamia iliyokatwa hutiwa rangi na kugongwa kwenye karatasi kama muhuri, na bamia huacha umbo la ua. Karatasi ikikunjamana na ua hilo likageuka doa, msimlaumu mtoto wala kiazi. Rangi ilikuwa nyepesi mno. Ile inayoteleza vizuri kwenye brashi ndiyo inayoharibu chapa.

Kwa darasa la watoto napendekeza posta kala ya chupa, yaani rangi ya maji ya kuchorea. Inakolea, na nguo zikichafuka huoshwa kwa maji na sabuni. Kasoro yake ni kwamba hata ikishakauka huyeyuka ikiguswa na maji, na ikiwa nene sana hupasuka na kupukutika. Akriliki, rangi ya maji ambayo ikikauka huwa kama plastiki, haipukutiki, kwa hiyo ndiyo nzuri kwa kadi na karatasi za kufungia zawadi, ila kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa hukaukia sahanini upesi, na ikikaukia kwenye sare haitoki tena. Rangi ya mafuta iacheni kabisa. Mafuta yake hupenya karatasi yakaacha duara kuzunguka chapa, na kukauka ni siku kadhaa.

Posta kala nyingi huwa nyepesi zikitoka dukani. Chukua vijiko 2 vya chakula vya unga wa muhogo, koroga kwenye kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo upike huku ukikoroga mpaka uwe uji mzito. Ukipoa, changanya kijiko 1 cha uji kwa 2 vya rangi. Inua kijiko: rangi ikidondoka kwa mabonge kama mtindi, iko tayari, ikichuruzika, ongeza uji. Tengeneza wa siku hiyo tu, maana huchacha.

Usichovye kiazi ndani ya rangi. Paka rangi kwenye kipande cha sponji ya godoro kilicholoweshwa na kukamuliwa, kisha gonga kiazi juu yake. Kiazi kikishakatwa hutoa maji, kwa hiyo kilaze kifudifudi juu ya gazeti dakika 10. Bamia ina kazi zaidi: ute wake hufanya rangi iteleze, igandamize gazetini mara nne au tano mpaka isiache unyevu.

Kwenye karatasi ya kaki, njano hufifia. Ongeza kijiko 1 cha nyeupe kwa 2 vya njano. Chapa ya kwanza ipige gazetini ili kuondoa rangi iliyozidi. Ya pili na ya tatu ndizo za kwenye karatasi yenyewe.