Fremu ya baiskeli niliyoitengeneza kwa kipimo changu

Nina urefu wa sentimita 192, na baiskeli za dukani zilikuwa zinanitesa magoti. Kiti nikikipandisha mpaka mwisho, bado mguu haunyooki. Mimi ni fundi wa mageti na madirisha hapa Morogoro, chuma nakishika kila siku, basi nikaamua fremu nitaitengeneza mwenyewe.

Kwanza kipimo. Nilisimama pekupeku ukutani, nikabana kitabu kinenani, nikapima toka sakafuni: sentimita 92. Ukizidisha kwa 0.67 unapata urefu wa bomba la kiti, kwangu karibu 62. Nikachora fremu nzima kwa ukubwa wake halisi juu ya plaiwudi, bomba la kiti likiwa na mlalo wa nyuzi 72 toka usawa wa ardhi.

Nilinunua mabomba ya chuma cheusi, unene milimita 1.5. Wapo watakaokushauri utumie bomba la maji kwa kuwa halishiki kutu. Usithubutu. Lile limepakwa zinki, na moshi wake ukiuvuta unalala na homa usiku huohuo. Kibomba cha ekseli ya pedeli na kile cha mbele kinachopitisha foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) nilivikata kwenye fremu chakavu, maana vinahitaji kukerezwa kwa mashine.

Kosa langu ni kuanza na welding ya umeme niliyoizoea. Kwenye geti sawa; hapa ilitoboa bomba mara mbili. Nikamwendea mzee mmoja, fundi baiskeli tangu sijazaliwa, anayeunga fremu kwa shaba na moto wa gesi. Nilimpa shikamoo, nikamwonyesha kazi. Akaingiza ukucha kwenye pengo la kiungo.

"Mwanangu, hapa shaba itajaza shimo tu, haitashika. Rudi kwenye tupa."

Nilipiga tupa siku mbili. Kila ncha inachongwa mpaka ilikumbatie bomba jenzake, na ukiinua juani usione mwanga katikati. Vidole viliniuma, lakini sikuona sehemu nyingine ya kazi hii iliyo na uzito kama hiyo.

Ndipo tukawasha gesi. Shaba njano huyeyuka karibu nyuzi joto 900, chuma kinangoja mpaka karibu 1500, kwa hiyo mabomba yanaungana bila kuyeyuka. Boraksi, unga wa kusafisha kiungo ili shaba ishike, ilitoa mapovu, kisha ikatulia ikang'aa kama maji. Chuma kilipofikia wekundu wa nyanya iliyoiva nikagusisha fimbo ya shaba, shaba ikakimbia yenyewe kuzunguka kiungo chote. Nilifurahi mno nikasahau mkono ulioshika moto. Mzee akapaza sauti:

"Moshi mweupe huo! Toa moto!"

Ilikuwa zinki iliyomo ndani ya shaba, inaungua.

Baada ya kupoa, mzee alitoa mshipi wa kuvulia samaki. Akaufunga nyuma panapokaa gurudumu, upande wa kulia, akauzungusha kwenye kibomba cha mbele, akaurudisha nyuma kushoto. Tukapima toka bomba la kiti hadi mshipini: kulia milimita 31, kushoto 27. Fremu imevuta upande. Tuliikunja taratibu kwa nondo, tukipima kila mara, mpaka pande zote zikasoma 29.

Ina uzito wa karibu kilo tatu na robo tatu, si nyepesi. Nimeiendesha hadi Mzumbe na kurudi, mguu unanyooka sawasawa. Juzi nimeazima mshipi uleule: bado 29 kwa 29.