Malori Mawili Kwenda Aberdeen

Mwaka wa kwanza ndugu yangu mdogo alipokwenda Doha kulinda majengo, tulipigiana simu kila Ijumaa. Mwaka wa pili simu zikawa fupi. "Salama?" "Salama." "Baba?" "Yupo." Kimya. Saa za Qatar na za Kenya ni zilezile, kwa hiyo hata kisingizio cha usiku hatukuwa nacho. Ukweli ni kwamba nilikuwa namkwepa. Kwenye pesa alizotuma za kuinua kuta za nyumba yake Lanet nilikuwa nimechota shilingi 45,000, nikalipia kodi ya saiba yangu, duka langu la kompyuta na intaneti hapa Kaptembwa, Nakuru, miezi ile biashara ilipolala. Nikamwambia fundi anaumwa. Fundi yule aliumwa miezi saba.

Yeye ndiye aliyesema tutafute mchezo wa kucheza pamoja. Tulianza na wa bunduki, Call of Duty kwenye simu, kwa sababu ndio kila mtu anao. Nilidumu nao wiki tatu. Ukiisha usiku wa manane unalala macho makavu, moyo unadunda, mlango wa jirani ukigonga unataka kujificha. Na hakuna mnachoongea. Ni "Nyuma yako! Nyuma!" basi, halafu mmoja wenu amekufa. Vijana wa saiba wanaupenda na sina neno nao. Mimi nina miaka 41.

Kisha akaupata Euro Truck Simulator 2 umepunguzwa bei, akanunua mbili, wake na wangu. Ni mchezo wa zamani kidogo, kampuni ya SCS Software ya Ucheki iliutoa mwaka 2012, lakini mwaka 2021 wakaongeza njia ya kuendesha kwa msafara, hadi watu 8 barabara moja. Hauna adui. Unachukua mzigo mahali, unaupeleka mahali. Ukipita taa nyekundu unakatwa faini, ukikwaruza mzigo malipo yanapungua. Ndiyo shida zote zilizomo. Nikifunga saiba saa tatu usiku nateremsha shata, nabaki na kompyuta moja na hedifoni.

Baba aliposikia ni malori akaleta kiti. Huyu ni mtu aliyeendesha Mombasa hadi Malaba zaidi ya miaka 20, na kwa mara ya kwanza kazi yangu ya kompyuta ilimhusu. Tulipoanzia Ujerumani alikasirika: kwa nini tunapita upande wa kulia? Ndiyo maana tukahamia Uingereza, ambako wanapita kushoto kama sisi. Njia yetu ikawa Dover kwenda Aberdeen, kusini hadi kaskazini kabisa. Ramani imefupishwa, lakini bado ni safari ya kutosha kumaliza chupa ya chai.

Mteremko wowote ulimtoa mzee kitini. "Usiweke fri! Shika gia!" Anajua anachosema. Kati ya Sachang'wan na Salgaa, hapo juu ya Nakuru, madereva walizoea kuachia lori liteleze bila gia ili waokoe mafuta, na wengi walizikwa kwa akiba hiyo. Sachang'wan ndipo pia, mwaka 2009, tangi lililopinduka lilishika moto watu wakichota mafuta, wakafa zaidi ya 100. Baba alipita kesho yake. Hilo hakuwahi kutuambia hadi alipolisema kwa sauti ya kawaida, macho kwenye skrini, tukiwa tunapita mji wa Birmingham tumebeba saruji ya kidijitali. Ndugu yangu alisikia kupitia maikrofoni. Hakuna aliyejibu, na haikuwa lazima. Kulikuwa na barabara ya kutazama.

Hapo ndipo nilipoona kwamba na langu linaweza kusemeka.

Mara ya kwanza nilipofungua mdomo stima ikapotea. Niliketi gizani nikashukuru Mungu kama mwoga. Wiki iliyofuata baba alikuwa amelala mapema. Tulikuwa barabara kuu ya M6, tunakaribia mji wa Carlisle, mvua ya mchezo inanyesha, waipa zinakwenda. Yeye mbele, mimi nyuma, naziona taa zake mbili nyekundu.

"Fundi hajaumwa," nikasema.

"Fundi gani?"

"Wa Lanet. Pesa nilizila mimi. Elfu arobaini na tano. Nililipa kodi ya saiba."

Aliendelea kuendesha. Katika ule mchezo mwingine, kimya kirefu vile kingetuua mara tatu. Halafu taa zake za hazadi zikawaka, akasogea kando ya barabara, akasimama. Nikasimama nyuma yake. Malori mawili, mvua, magari madogo yanatupita.

"Ungeniambia tu," akasema. Baadaye kidogo: "Kuta zimefika wapi?"

"Lenta bado."

"Twende basi. Mzigo unachelewa."

Hatukukumbatiana wala nini. Alinikasirikia tena Jumapili, kwa simu, vizuri kabisa, na nilistahili. Tulikubaliana nirudishe elfu tano kila mwezi moja kwa moja kwa fundi. Nimebakiza miezi miwili.

Juzi tulifika Aberdeen, nami nikachagua kuruka hatua ya kuegesha, kwa maana mchezo unaruhusu. Baba akaweka kikombe chini. "Dereva gani anashuka kabla hajaingiza trela? Toka hapo." Akaketi, vidole viwili juu ya kibodi kama anayepapasa jiko la moto. Trela ikaenda kushoto badala ya kulia, mara tano, mara sita. Nikataka kumsaidia, akanipiga kofi la mkono. Nikamvisha hedifoni nikakaa nyuma yake, na huko Doha mtoto wake mdogo, ambaye zamani alipanda lori lake wakati wa likizo kama taniboi, msaidizi wa dereva, alikuwa anamwita, sauti inavuja nje:

"Kata kulia, baba. Kulia tena. Leta. Leta. Leta, leta, leta, hapo hapo!"